Roboti ya kupiga picha planktoni: anza na taa, mota baadaye

SALMA: Kaka Hamadi, mtu akisikia roboti ya chini ya maji, mbio dukani kutafuta mota.

HAMADI: Mota zingoje. Picha za planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, huharibiwa na taa. Kopepodi, mmoja wao wa jamii ya kamba, ana kama milimita 1, na roboti inapiga picha huku inapanda sentimita 10 kwa sekunde. Taa ikimulika milisekunde 1 tu, keshapitwa maikromita 100. Unapata ukungu wenye antena.

SALMA: Imulike kiasi gani basi?

HAMADI: Maikrosekunde 50. LED ya wati 10, kapasita pembeni, swichi yake transista ya MOSFET. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi isipime muda huo, mfumo wake wa Linux una mambo mengi. Mpe kazi Pico, kidhibiti kidogo: ishara moja kwa kamera, nyingine kwa taa. Na usisahau rezista ya kilo-omu 10 kutoka geti ya MOSFET (mguu unaopokea ishara) hadi graundi. Bila hiyo, Pico ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuwaka, taa inaweza kubaki inamulika ikaungua.

SALMA: Kamera iwe Global Shutter ya megapikseli 1.6, inayonasa picha nzima kwa mpigo. Zile za kawaida husoma mstari baada ya mstari, mmweko mfupi unaangaza kipande tu cha picha.

HAMADI: Ehe. Pikseli yake maikromita 3.45. Weka lenzi inayotoa taswira yenye nusu ya ukubwa wa kitu, kila pikseli inakuwa maikromita 6.9, na uwanja milimita 10 kwa 7.5.

SALMA: Sasa hapo ndipo hesabu inapouma, dada yenu nawaambia. Kwa tundu la lenzi la f/8, unene unaoonekana vizuri ni kama milimita 1. Picha moja ni mililita 0.075! Ukipiga 10 kwa sekunde, lita moja inakula dakika 22.

HAMADI: Yaani kwenye kina cha meta 20, ambapo kila safari ni sekunde 200, unapanda karibu mara saba.

SALMA: Je, tukipiga 30 kwa sekunde?

HAMADI: Unamhesabu kopepodi yuleyule mara tatu. Upande mrefu wa picha ukiwa wima, kwa mwendo ule picha 10 tayari zinagusana.

SALMA: Vifaa vyote vikae ndani ya bomba la akriliki, oringi (pete za mpira) mbili kila kifuniko, grisi ya silikoni kidogo tu. Unywele mmoja kwenye oringi unatosha kuingiza maji.

HAMADI: Meta 20 kifuniko cha milimita 110 kinasukumwa na kama kilo 190, lakini kinasukumwa ndani, kinajibana chenyewe. Mwizi ni waya. Maji hutembea ndani ya ganda lake, katikati ya nyuzi za shaba. Chubua sentimita 1, jaza risasi ya kulehemu, kisha mwaga epoksi juu yake.

SALMA: Kabla ya kuzamisha, nyonya hewa ya bomba kwa pampu ya mkono, nusu bar. Mshale wa kipimo usisogee dakika 15.

HAMADI: Majaribio ya kwanza yafanye siku ambayo Trichodesmium, bakteria wa baharini wanaoishi kwa makundi, imetanda, kama inavyotokea Unguja, maji yanapoonekana kama yamemwagiwa vumbi la mbao. Makundi yake yanafika milimita kadhaa, fokasi ikikosea utaijua papo hapo.