Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: mesej inaingia kwa simu ya nani?

NALIAKA: Karibuni tena. Leo ni mbolea ya ruzuku hapa Kenya, na tutakaa kaunti ya Trans Nzoia, maana kule mahindi ndiyo mshahara. Kiptoo, anza na bei.

KIPTOO: Septemba 2022, siku anaapishwa, Rais Ruto alisema ruzuku ya unga haijasaidia, heri pesa ziende shambani. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukatoka shilingi 6,500 ukaja 3,500. Mwaka uliofuata ukashuka tena, 2,500. Kinachobaki kinalipwa na serikali.

NALIAKA: Yaani mimi na wewe.

KIPTOO: Eeh, mimi na wewe. Mkulima mwenyewe hapewi pesa mkononi. Anaandikishwa kupitia kwa chifu: jina, kitambulisho, namba ya simu, ekari anazolima. Msimu ukifika anapata mesej, analipia, anaenda ghalani kuchukua.

NALIAKA: Hapo kwa ekari ndipo nataka tukae. Mifuko inafuata ekari. Wa ekari 100 anatuma lori mara moja. Mama wa nusu ekari huko Cherangany anapiga foleni na wenzake, kisha anafunga mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, nyuma ya boda. Tuseme boda ni 400 kwenda na kurudi. Mfuko wake wa 2,500 sasa ni 2,900, na bado hajarudi kuchukua CAN ya kukuzia.

KIPTOO: Bado ni nafuu kuliko duka la pembejeo. Na tusimwonee wa lori, dada. Unga wa Nairobi hautatoka kwa nusu ekari.

NALIAKA: Simwonei. Lakini kila mfuko una pesa ya umma ndani, na yeye amebeba lori zima. Mimi ningemwekea kikomo, kinachobaki kipelekwe karibu na vijiji.

KIPTOO: Ukiweka kikomo, kesho zile ekari 100 zitakuwa na majina ya watoto wote wa boma, hata wa chekechea.

NALIAKA: (anacheka) Hiyo sikatai. Haya, na wa kukodi je? Anayelima ni mwingine, mwenye shamba yuko mjini. Nani anapata mesej?

KIPTOO: Aliyeandikishwa. Mkodi anaweza kujiandikisha pia, ila mapatano yao mara nyingi ni ya mdomo, ya msimu mmoja. Mwaka ujao yuko shamba lingine, ekari zimebadilika, na rekodi imebaki vilevile. Anaishia kumbembeleza mwenye shamba amchukulie kwa jina lake.

NALIAKA: Na juu ya bei anaongeza "ya soda".

KIPTOO: Soda ya 500!

NALIAKA: Sasa kumbuka 2024. Watu wako karibu kupanda, inajulikana kuna mifuko ya ruzuku ambayo si mbolea ya maana. Mambo yakafika Bungeni, Mei wabunge wakapiga kura kumng'oa Mithika Linturi, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, kamati teule ikamwondolea lawama. Serikali ikasema waliouziwa watafidiwa. Mkodi aliyenunua kwa jina la mwingine aende kudai na nini?

KIPTOO: Hana risiti yenye jina lake. Atadai na magugu.

NALIAKA: Kwa hivyo wewe unayekodi, usingoje Machi. Pitia kwa chifu mvua zikiwa mbali, uulize umeandikiwa ekari ngapi na namba gani ya simu.

KIPTOO: Na kama ulibadilisha laini, sema siku hiyo hiyo.