Kumtembeza Mgeni kwa Mafundi wa Mji Mkongwe
(Mhadhara kwa watembeza wageni, Unguja)

Asalaam alaykum, ndugu zangu, na karibuni.

Mada ya leo ni namna ya kumtembeza mgeni kwa miguu kwenye masoko na karakana za Mji Mkongwe. Matembezi mengi yanayouzwa mjini kwa jina la ufundi ni matembezi ya maduka. Mgeni anaonyeshwa rafu, anatajiwa bei, anatolewa, anaingizwa duka la pili. Baada ya saa mbili ameona vinyago na vikapu visivyohesabika, na hakuona hata mkono mmoja ukifanya kazi. Ninachowaomba ni hiki: saa ya matembezi ipangwe kwa kazi ya fundi, na fundi alipwe kwa muda wake, mgeni anunue asinunue.

Tuanze na njia. Kutoka soko la Darajani, lile jengo la mwaka 1904, hadi Ngome Kongwe kwa kupitia mitaa ya Mchangani, Hurumzi na Gizenga, mtu asiyesimama hatumii hata nusu saa. Njia hiyo fupi tunaigawa kwa saa mbili na nusu, vituo vitano, visizidi. Ukiweka vituo vinane unamchosha kijana, seuze mama wa miaka 70 mwenye fimbo. Ondokeni saa mbili na nusu asubuhi: vichochoro bado vina kivuli, mafundi wameshakaa, na saa tano mmemaliza kabla watu hawajaanza kufunga kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Ijumaa tangulieni nusu saa nzima. Mwezi wa Ramadhani maduka mengi huchelewa kufungua, kwa hiyo mwulizeni kila fundi saa yake, na wageni waambiwe mapema kwamba hawatakula wala kunywa njiani mbele za watu.

Kundi lisizidi wageni 8. Sababu ni upana wa njia tu. Vespa, baiskeli na hamali mwenye gari lake wote wanapita humo humo, na watu 15 waliosimama duara wanaziba kichochoro, kisha wenye mtaa wanawachukia wageni kwa kosa lako wewe. Mnaposimama, wapangeni wageni upande mmoja, migongo ukutani, nawe ukae ng'ambo yao ili uone kinachokuja kutoka pande zote mbili. Msisimame mbele ya mlango wa nyumba ulio wazi. Ndani kuna familia. Barazani wakiwepo wazee, toa salamu kwanza na usubiri ujibiwe. Habari ya mavazi, yaani mabega na magoti kufunikwa, isemwe siku moja kabla, kwa sababu asubuhi mgeni ameshatoka hotelini na hana cha kubadilisha.

Sasa nifike kwa fundi mwenyewe, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Ukimtokea fundi ghafla na watu wanane, atasimamisha kazi, atapangusa meza, atawaonyesha vilivyokwisha. Mpitie jana yake. Mwombe aache kazi katika hatua tatu: kipande kilichochorwa penseli tu, kipande kilichochongwa nusu, na kipande kilichokwisha kupigwa msasa. Mgeni akiviona vitatu hivyo vimewekwa sambamba anaelewa kwa dakika 5 jambo ambalo usingelimweleza kwa nusu saa. Kaeni hapo dakika 20 au 25. Dakika 10 za kwanza mwache fundi afanye kazi na wewe unyamaze. Watembeza wageni wengi hatuwezi kunyamaza, tunaogopa mgeni atasema hatujui kitu, na huku macho yake ndiyo yanayofanya kazi.

Malipo ya fundi yawe ndani ya bei ya matembezi, yawe kiwango kimoja kinachojulikana, na apewe mkononi siku hiyo hiyo. Ukimlipa kwa kamisheni ya mauzo peke yake, unamfanya muuzaji. Ataacha patasi, atakuwa anawakimbilia wageni, na bei itapanda ili fungu lako lipatikane humo. Kisha mgeni anakikuta kitu kile kile Forodhani kwa bei ya chini, na papasi, yaani mtembeza wageni asiye na kibali, aliyekaa pembeni anamwambia kwa nini. Mwenye kibali cha Kamisheni ya Utalii hana sababu ya kushindana na papasi kwa njia ya papasi.

Milango. Hiki ndicho kituo kinachopendwa kuliko vyote, na ndicho kinachosemewa uongo kuliko vyote. Mfundisheni mgeni kuusoma mlango kwa sehemu zake. Kuna miimo miwili, kuna kizingiti cha juu, kuna mbao mbili zinazofunguka, na kuna mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya pale mbao zinapokutana. Nakshi nzito ziko kwenye fremu, kizingitini na kwenye mfaa. Mbao zenyewe mara nyingi zimeachwa bila nakshi, zikapigwa njumu za shaba. Kisha waambieni wainame watazame chini kwenye kona. Milango mingi ya zamani haina bawaba: ubao umechongwa ncha juu na chini, na ncha hizo zinazunguka ndani ya matundu. Mgeni akishaliona hilo mara moja, atakuwa analitafuta mlango hadi mlango bila kuambiwa.

Kizingiti kilichonyooka ni mtindo wa zamani zaidi. Tao la nusu duara lililojaa maua na majani limeenea zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 19, na humo unaona mkono wa mafundi wenye asili ya Bara Hindi. Mitaa ya maduka ina milango yake, mbao nyembamba zinazokunjana ili duka lote lifunguke. Vizingiti vingine vina aya za Kurani, na vingine vina mwaka wa Hijria. Hapo mtembeza wageni awe tayari na hesabu: zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mlango ulioandikwa 1304 unakupa 1304 mara 0.97, yaani 1264.88, na ukijumlisha 622 unapata mwisho wa 1886 au mwanzo wa 1887. Mkabidhi mgeni simu yake afanye hesabu mwenyewe. Lakini kumbukeni kwamba huo ni mwaka wa mlango. Mlango huhama na nyumba hujengwa upya, kwa hiyo msiseme nyumba ni ya mwaka huo.

Kuhusu maana za nakshi nawaomba kwa dhati mjizuie. Mgeni anaambiwa kuwa mnyororo ukingoni mwa fremu unamaanisha mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Umbo la mnyororo lipo kwenye milango ya watu wa kazi mbalimbali, na wapo wanaolieleza kuwa ni kinga ya nyumba. Anayesimama barazani na kutangaza kwamba nyumba fulani ilikuwa ya muuza watumwa, kwa ushahidi wa nakshi peke yake, anawasemea vibaya watu ambao wajukuu wao wako ndani wanamsikia. Habari za biashara ya watumwa zina mahali pake Mkunazini, palipokuwa soko lililofungwa mwaka 1873, na pale zielezwe kwa uzito wake wote. Njumu nazo, ile hadithi kwamba ziliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango ni ya India zilikotoka; huku kwetu ni pambo na ishara ya uwezo. Semeni hivyo.

Kwa seremala, mwongozeni mgeni aone mpangilio wa kazi. Mchoro unawekwa juu ya ubao. Patasi nyembamba inakata ukingo wa umbo, wima. Baada ya hapo fundi anachimba na kushusha ardhi, yaani uso wa ubao unaozunguka umbo, ndipo anarudi kuliviringisha umbo lenyewe, na msasa unakuja mwisho. Akianza kuviringisha kabla ya kushusha ardhi, petali inavunjika ukingoni, na kipande kilichovunjika hakirudi. Ubao lazima uwe umekauka. Ubao mbichi unachongeka vizuri sana, unamfurahisha kila mtu, kisha unapasuka mgeni akiuweka kwenye chumba chenye hita huko kwao. Mwonyesheni aangalie kitako cha ubao kama kina nyufa ndogo zinazotoka katikati. Msaji uliletwa kutoka Asia. Mvule na mfenesi ni mbao za huku. Mgeni akiuliza pa kununua mlango wa kale, mpelekeni kwa anayechonga mpya. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mlango uking'olewa haurudi ukutani.

Kofia. Kofia za viua hushonwa na wanawake majumbani, kwa hiyo hakuna karakana ya kuingia. Hapa panahitaji mpango wa mama anayekubali kukaa na kazi yake mahali pa wazi, dukani au uani. Musimpige picha mpaka yeye mwenyewe aseme sawa, na swali hilo aulizwe peke yake kabla wageni hawajafika, ili asione haya kukataa. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na mshipi wa kuzunguka kichwa, na kila kimoja ni kitambaa cha pamba cha matabaka mawili. Mchoro unapigwa kwanza. Kila kiua kinatobolewa, kisha ukingo wa tundu unazungushiwa uzi wa pamba, mshono hadi mshono, tundu hadi tundu. Vipande vikishakamilika ndipo vinaunganishwa. Kofia nzuri ni kazi ya wiki nyingi, na mgeni asipolijua hilo ataona bei ni ya kumwibia.

Mfundisheni kutofautisha. Geuza kofia ndani nje. Ya mkono, upande wa ndani unakaribia kuwa safi kama wa nje, na matundu yamepishana kidogo kwa ukubwa. Ya mashine, nyuzi za chini zinapita kutoka ua moja hadi jingine bila kukatwa, na matundu yote yamelingana. Ya mashine si haramu kuuza. Haramu ni kuiuza kwa bei na jina la mkono. Pima kichwa cha mgeni kwa futi ya fundi, juu kidogo ya masikio, maana kofia hii haivutiki. Kufua ni kwa mkono na sabuni, kisha wanga, kisha inakaushwa imevikwa kwenye bakuli la kipimo chake. Ikianikwa kwenye kamba, mshipi unapinda na haukai tena.

Kwenye ukili, yaani ukanda wa kusukwa, nitapita haraka. Ukindu unakaushwa juani, unachanwa, ule wa rangi unachemshwa sufuriani, unasukwa ukanda mrefu, na kanda zinashonwa pamoja kuwa mkeka. Ukanda ndio kazi. Wekeni mgeni mmoja asuke miraba miwili mitatu. Kikapu chenye unyevu kikifungwa ndani ya plastiki kitaota kuvu kabla hakijafika Ulaya. Kianikwe siku nzima, kisafiri kimefungwa kwa nguo.

Mchangani ni kwa ajili ya kanga, na hapo ukweli wa kwanza ni kwamba kanga haichapwi Unguja. Inatoka viwandani Tanzania Bara, Kenya na India. Utaalamu wa huku ni wa kuichagua na kuivaa. Onyesheni pindo la kando, mji wa katikati na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na msomeeni mgeni jina kabla hajalipa, asije akampelekea mama mkwe maneno ya mke mwenza. Doti inauzwa vipande viwili havijakatwa. Mpelekeni kwa fundi cherehani akate na kupinda ncha; ni kazi ya dakika chache, na mgeni anaondoka amemwona fundi mwingine.

Asili ya vitu isemwe kila dukani. Vinyago vya Kimakonde mizizi yake ni Mtwara na ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Mawe laini ya kuchonga ni ya Kisii, Kenya. Tingatinga ilianza Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa Edward Saidi Tingatinga, kwa rangi ya mafuta juu ya ubao bapa wa mraba. Picha ya turubai isiyokauka ikikunjwa inanata, na iliyokauka ikunjwe rangi ikiwa nje, kwa bomba pana. Rangi ikiwa ndani inajikunja na kupasuka. Mpingo ni mzito na unazama majini. Mti mwepesi uliopakwa kiwi cha viatu unajulikana kwa karatasi ya chooni iliyolowa: isugue chini ya kitako, karatasi ikitoka nyeusi mgeni ameshapata jibu. Zafarani ya bei rahisi inayojazwa mifukoni Darajani si zafarani. Ikitiwa kwenye maji ya uvuguvugu, ya kweli hutoa manjano polepole na nyuzi zake hubaki nyekundu.

Gamba la ng'amba, aina ya kasa, kwa umbo lolote, bangili au kitana, mgeni asinunue. Biashara ya kimataifa ya kasa wote imekatazwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kitakamatwa uwanja wa ndege. Makombe makubwa na matumbawe yaacheni pia. Mwambieni kabla hamjafika dukani, kwa sauti ya kawaida. Ukimwambia mbele ya muuzaji umemfedhehesha muuzaji, na kesho atakufungia mlango.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, baadhi ya vichochoro hujaa maji ndani ya dakika chache. Punguzeni vituo viwe vitatu, vyote vyenye paa, na Ngome Kongwe iwe ya mwisho kwa kuwa ina mahali pa kujikinga na vibanda vya mafundi humo humo. Mwenzenu wa nyuma wa kundi abebe miavuli miwili na awe na namba ya simu ya kila fundi, ili kituo kikifutwa fundi ajulishwe mapema, na malipo yake ya siku hiyo yapelekwe vile vile, kwa kuwa kazi ya hatua tatu ameshaiandaa.

Sasa tutoke. Kila watu wanne wachukue mlango mmoja, waandike kizingiti, mfaa, bawaba au ncha, na mwaka kama upo. Tukutane hapa baada ya dakika 40 tuzisahihishe hesabu pamoja.