Baiti moja, anwani mbili: kufikia kumbukumbu ya ATmega328P

Chomeka Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P kwenye kompyuta, kisha fungua faili tupu uliite taa.asm. Tunatumia asemblea ya avra, programu inayogeuza amri kuwa msimbo wa mashine, na tutaandika namba tupu badala ya majina ya rejista kama PORTB, ili uone kila amri inagusa wapi.

Mstari wa kwanza: .device ATmega328P. Chini yake andika ldi r16, 0x20. Hapa thamani imo ndani ya amri yenyewe, nayo inaingia rejista r16. LDI hukubali rejista r16 hadi r31 tu. Ukiweka r5, asemblea inakataa.

Hiyo 0x20 ni biti ya 5, yaani taa ya pini 13. Andika out 0x04, r16 ili pini iwe ya kutoa, halafu out 0x05, r16 iwake. Funga kwa mstari wenye lebo "mwisho", unaojirukia wenyewe bila kukoma, yaani "mwisho: rjmp mwisho". Endesha avra taa.asm, pakia taa.hex kwa avrdude, programu ya kupakia kwenye chipu. Inawaka.

Sasa futa ile out ya pili, weka sts 0x05, r16, upakie tena. Taa haiwaki, na asemblea haijalalamika hata kidogo. Kwa nini? OUT huhesabu kuanzia mwanzo wa eneo la I/O, yaani rejista za pini na vifaa vya ndani ya chipu. STS huhesabu kuanzia mwanzo wa kumbukumbu yote ya data, na baiti 32 za kwanza huko ni rejista r0 hadi r31. Thamani yako imeingia r5! Ongeza 0x20 kwenye anwani: sts 0x25, r16. Taa hiyo.

Kosa la kinyume ni baya zaidi, maana out 0x25 huandika kwenye TCCR0B, rejista inayodhibiti taima 0, na taima 0 inavurugika huku wewe ukihangaika na taa. Pale OUT inapofika, hadi 0x3F, itumie: inakula baiti 2 na mzunguko 1, wakati STS inakula baiti 4 na mizunguko 2. SBI na CBI, amri za kuweka na kufuta biti moja, huishia 0x1F.

Tufute baiti 16 za SRAM, kumbukumbu ya data ya muda, inayoanzia 0x0100. Juu ya lebo ya mwisho, andika:

ldi r26, 0x00
ldi r27, 0x01
clr r17
ldi r18, 16
futa: st X+, r17
dec r18
brne futa

r26 na r27 ndizo X, kielekezi kinachobeba anwani; r28 na r29 ni Y, r30 na r31 ni Z. Kitanzi kikiisha, X ipo 0x0110. Ukitaka kusoma safu hiyo, irudishe kwanza. Kuruka nafasi, mfano ldd r20, Y+3, ni kwa Y na Z tu, kuanzia 0 hadi 63.

Jedwali la flashi, kumbukumbu inayohifadhi programu, liweke chini ya rjmp, prosesa isije ikalitekeleza kama amri:

jedwali: .db 1, 2, 4, 8

Flashi huhesabiwa kwa maneno ya biti 16, ila LPM, amri ya kusoma flashi, inataka anwani ya baiti. Kwa hiyo, juu ya lebo ya mwisho:

ldi r30, low(jedwali*2)
ldi r31, high(jedwali*2)
lpm r16, Z+

Ukisahau *2, utasoma baiti za amri zako mwenyewe. Kwenye asemblea ya GNU usizidishe. Lebo zake tayari ni za baiti.