Deraya ni Nguo: Namna ya Kufua Mavazi ya Chuma ya Karne ya 15 kwa Mkono

Asanteni sana, na wale mko nyuma sogeeni mbele kidogo manake hizi pleti nitazipitisha mkononi mwenu, nataka kila mtu ashike apime uzito mwenyewe. Mi nafua deraya, yaani zile nguo za chuma za wapiganaji wa Ulaya, na hasa nafuata mtindo wa Milan, mji wa kaskazini mwa Italia, wa kama miaka ya 1430 hadi 1450, na leo nimeitwa niwaeleze zinatengenezwaje kwa mkono. Kuna jambo moja nataka mlishike mapema ndo mengine yaeleweke: deraya ni nguo. Inapimwa kwa mwili wa mtu mmoja kama vile fundi cherehani anavyopima suti, na jasho lote la fundi liko kwenye kiwiko, kwenye goti, kwenye kiuno, pale mwili unapojikunja, kuliko kwenye lile bamba kubwa la kifua ambalo kila mtu analipiga picha.

Tuanze na uzito manake najua ndo swali la kwanza. Deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 ilikuwa kilo 20 hadi 25 hivi, kichwa mpaka mguu, na huo uzito umetawanywa mwili mzima. Zile nzito kabisa za kilo 40 na zaidi zilikuwa za mashindano, mtu anakimbiza farasi mstari mmoja anagonga mwenzake kwa mkuki basi, hatembei nazo vitani. Hadithi kwamba mpiganaji alikuwa anainuliwa kwa winchi kupandishwa farasi, hiyo muifute leo. Kulikuwa na Mfaransa mmoja maarufu, Jean Le Maingre, wakimwita Boucicaut, aliyekufa 1421, habari za maisha yake zinasema alikuwa anapiga sarakasi akiwa amevaa deraya yote isipokuwa chapeo, yaani kofia ya chuma, na anapanda ngazi kwa upande wa chini kwa mikono peke yake. Hata tukisema waandishi wake walimsifia kupita kiasi, waliomsoma walikuwa wanavaa vitu hivi wenyewe, wangejua kama ni jambo lisilowezekana.

Lakini pia nisiwadanganye kwamba ni nyepesi kama shati. Mwaka 2011 watafiti wa Leeds kule Uingereza walichukua watu waliozoea kuvaa deraya wakawatembeza na kuwakimbiza kwenye mashine huku wanapima pumzi zao, wakakuta kutembea na deraya kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea bila, na sababu kubwa ni miguu, ile chuma ya pajani na kwenye muundi unaibeba na kuirusha kila hatua, ni tofauti kabisa na kubeba mzigo huo huo mgongoni. Alafu kifua kimefungwa hakitanuki vizuri, pumzi zinakuwa fupi fupi. Kwa fundi hii ni habari ya maana sana, manake inakuambia kila gramu utakayopunguza kwenye mguu ina faida kuliko gramu ya kifuani, na ukienda kupima deraya za zamani utakuta ndivyo walivyofanya, kifua katikati milimita 2 au zaidi, mbele ya chapeo inazidi hapo, lakini ukija kwenye mikono na miguu ni milimita 1 hivi, na sehemu za nyuma nyembamba zaidi. Hakuna pleti moja yenye unene mmoja pande zote. Mtu akikuuzia deraya ambayo kila mahali ni unene ule ule, amekuuzia umbo tu.

Sasa chuma chenyewe. Wenzetu wa zamani walikuwa na taabu ambayo sisi hatuna, chuma chao kilitoka tanurini kikiwa donge lenye mavi ya chuma ndani, linapigwa na kukunjwa na kupigwa tena, mpaka nyundo kubwa za kuendeshwa na maji zilitumika kulilaza liwe bamba. Ndo maana Milan ikawa Milan: milima ya kaskazini ina madini ya chuma, mito ya kuzungusha magurudumu ipo, misitu ya mkaa ipo, na barabara za biashara zinapita hapo hapo. Familia kama Missaglia waliendesha karakana zilizogawana kazi, huyu anafua mikono tu, yule miguu, yule anang'arisha, alafu vinaunganishwa. Mpaka leo kuna mitaa pale Milan inaitwa Via Armorari na Via Spadari, mtaa wa mafundi deraya na mtaa wa mafundi panga. (Na kwa sababu tuko Mombasa nitawaambia hili ingawa halihusiani na nyundo: aliyechora Fort Jesus, ngome yetu hii ya 1593, Giovanni Battista Cairati, alikuwa mtu wa Milan huyo huyo, amekuja kufanya kazi chini ya Wareno.)

Mi natumia shiti za dukani. Kwa anayeanza, chuma laini cha kawaida geji 16, hiyo ni kama milimita 1.5, kinafuliwa baridi bila shida. Kwa kazi nzito natumia feleji yenye kaboni kama nusu asilimia, nitaeleza kwa nini.

Kazi inaanza na karatasi. Unachukua kadibodi unamzungushia mtu, unakata, unabana kwa vipini vya karatasi pale ambapo riveti, yaani ule msumari mfupi wa kuunganisha pleti, itakaa, unamwambia akunje goti, achuchumae, ainue mkono ashike kichwa. Kadibodi ikikwama chuma kitakwama zaidi, kwa hiyo usiguse mkasi wa bati mpaka karatasi itii. Na kiuno jamani, kiuno! Kiuno cha deraya kinakaa juu ya mfupa wa nyonga, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, pale mwili unapojikunja kiukweli, siyo pale tunapofunga mkanda wa suruali. Fundi wengi wa sasa wanashusha kifua mpaka kwenye mkanda, basi mtu akiinama ukingo unamchoma mapajani na kola inapanda kumkaba shingo, alafu analalamika deraya ni mateso. Angalieni picha yoyote ya deraya halisi ya karne ya 15 mtaona kiuno chembamba na kiko juu sana, siyo urembo, ndo kinachofanya uzito ukae kwenye nyonga badala ya kuning'inia mabegani.

Kufua kwenyewe kuna njia mbili kubwa na wale mmepita Kamukunji kule Nairobi mkaona vijana wanavyopiga karai na masufuria kutoka bati bapa, mmeshaiona ya kwanza. Unaweka bamba juu ya gogo lenye kishimo, unapiga kwa ndani na nyundo ya kichwa cha mviringo, chuma kinazama kinatanuka. Ni haraka, lakini mjue kinachotokea: katikati panakuwa pembamba, na katikati ndo mahali panapopigwa vitani. Njia ya pili ni kinyume, unalivalisha bamba juu ya fuawe ndogo ya kichwa cha mviringo unapiga kwa nje, mzunguko baada ya mzunguko, unakikusanya chuma kiingie ndani ya chenyewe, kwa hiyo ukingo unanenepa badala ya kuisha. Hii ni ya polepole, inahitaji moto, mkono unakufa ganzi, lakini chapeo nzuri inatoka hivi, juu imebaki nene na pembeni hakujapasuka. Mi kwa goti naanza na gogo namalizia na fuawe. Kwa chapeo siendi kwenye gogo kabisa.

Chuma ukikipiga sana kinakuwa kigumu na kikali, utasikia sauti inabadilika, inakuwa ya juu, inalia kama haitaki. Hapo acha. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe chenyewe taratibu, kinalegea unaendelea. Ukilazimisha kitapasuka kuanzia ukingoni, na ufa wa ukingoni hauna dawa nzuri. Kwa hiyo kabla sijaanza kupiga nalainisha kingo zote kwa tupa, hata mkwaruzo mdogo wa mkasi ni mwanzo wa ufa. Baada ya umbo kukubali unapita na nyundo iliyong'arishwa uso, vipigo vidogo vidogo vinapandana, mpaka mabonde yaishe. Ukifanya hii vizuri msasa utakuwa kazi ndogo, ukiiruka utasaga chuma mpaka kibaki karatasi.

Sasa shikeni hili goti, lipitisheni, likunjeni. Mnaona ni pleti ngapi? Kikombe chenyewe cha goti, alafu juu yake pleti nyembamba, chini yake nyingine, zimelaliana, na kila moja inazungukia riveti moja kila upande. Hizo riveti mbili lazima zisimame kwenye mstari mmoja na egemeo la goti la mtu mwenyewe, zikipanda au zikishuka kidogo tu mguu unakunjika nusu unakwama. Na tazameni riveti za pale pembeni kwenye mkono, tundu lake ni refu kama mfereji badala ya duara, kwa hiyo pleti inateleza mbele na nyuma, hiyo ndo inaruhusu mkono ujizungushe na siyo kujikunja tu. Kwenye bega pleti zinashikwa na kamba za ngozi kwa ndani, riveti kwenye ngozi, ngozi ndo inakuwa bawaba. Ukiivaa huioni, ukiikosa huinui mkono. Mi hapa ndo napenda sana kazi za hawa watu, manake yule aliyeagiza na kulipa aliona mng'aro tu, lakini fundi aliweka akili yake yote mahali ambapo hapaonekani mpaka uvue.

Ukingo wa kila pleti kubwa unakunjwa kuzunguka waya, unakuwa duara, unatia nguvu bila kuongeza uzito, na ncha ya upanga ikiteleza inagota hapo haifiki shingoni au kwapani.

Moto wa mwisho ni wa kukaza. Chuma laini hakikazi, ukikitumbukiza majini kikiwa moto utapata mvuke tu. Lakini ile feleji ya kaboni nusu asilimia ukiipasha mpaka sumaku ikatae kuishika, unapita hapo kidogo, unaizamisha kwenye mafuta, inakuwa ngumu kama kioo na rahisi kuvunjika kama kioo, kwa hiyo unairudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 300 na kitu, inapata unyumbufu, ikigongwa inarudi. Mafundi wa Innsbruck kule Austria, pale Kaisari Maximilian wa Kwanza alipoanzisha karakana yake 1504 chini ya Konrad Seusenhofer, walikuwa hodari sana wa hili. Milan walilijua pia karne ya 15 alafu wakaliacha mwanzoni mwa karne ya 16. Tunajua haya kwa sababu Alan Williams amekaa miaka akichunguza chuma cha deraya za makumbusho kwa darubini, na anaeleza sababu mojawapo ya kuacha: wateja walitaka dhahabu. Kupaka dhahabu zamani ilikuwa kwa zebaki, unachanganya, unapaka, unachoma zebaki ipae, na ule moto unalegeza ule ukakamavu ulioupata kwa shida. Mi binafsi inaniuma, kulegeza chuma kilichokuwa kinalinda moyo wa mtu ili kipendeze kwenye gwaride.

Chini ya yote kuna koti. Bila koti deraya haivaliki. Kuna maandishi ya Kiingereza ya karne ya 15 yanaeleza mtu avalishwe vipi, yanasema koti la kitambaa kizito lenye bitana ya satini iliyotobolewa matundu, vipande vya nyavu za chuma vimeshonwa kwapani na kwenye mkunjo wa kiwiko, nyuzi za kufungia ziwe za kamba nzuri kama ile ya upinde, na magotini kuwekwe vipande vya blanketi nyembamba visimchubue. Blanketi magotini! Huyo aliyeandika aliwahi kuchubuka huyo, au alimwona bwana wake amechubuka. Miguu ya chuma inafungwa kwenye hilo koti, kwa hiyo koti likiwa pana mguu unashuka, goti la chuma linakaa chini ya goti la nyama na kila hesabu ya riveti niliyowaambia inaharibika. Shona koti kwanza, mpime mtu akiwa amelivaa, ndo ukate chuma.

Na hewa yetu hii ya bahari ni adui, kwa hiyo baada ya msasa paka nta au mafuta, futa jasho siku hiyo hiyo, usiseme kesho.

Mwenye kutaka kuanza asianze na chapeo. Anza na goti, lina kila kitu ndani yake, kuzamisha, kusawazisha, kukunja ukingo, riveti, na ukikosea umepoteza kipande kidogo. Alafu chagua kitu kimoja halisi ukifuate, usichanganye bega la Nuremberg ya Ujerumani na kifua cha Milan. Mi nafuata ile deraya iliyoko makumbusho ya Glasgow, Scotland, inayoitwa Avant, kwa sababu ya neno hilo lililoandikwa kifuani, imetengenezwa Milan kwenye mwaka 1440 hivi na mafundi wa familia ya Corio, ilikaa karne nyingi kwenye kasri la Churburg huko milimani kaskazini mwa Italia, na ni moja ya deraya kongwe zilizobaki karibu kamili. Picha zake zipo mtandaoni mbele na nyuma na pembeni, chapisheni kubwa mbandike ukutani karakana.

Haya, dada mwenye lile goti mkononi naona umelikunja mara kumi na sita sasa, uliza.