Kabla Hujaitupa Padi ya Zamani

Wadogo zangu, na ninyi wazazi mlioketi kule nyuma, karibuni. Hapa mezani kuna vitu vitatu: joistiki, yaani fimbo ya kuchezea gemu, yenye plagi pana ya pini 15; padi, yaani kidhibiti cha gemu cha kushika mikononi, ya USB ya bei ya chini ambayo karibu kila mmoja wenu amewahi kuishika, na padi ya Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft. Vyote vitatu vililetwa kwangu na wenyewe kwa maneno yaleyale: "Fundi, hii imekufa." Nikavipima kimoja kimoja. Hakuna kilichokufa. Vinaongea, ila kompyuta au gemu haivielewi, na kila kimoja kina sababu yake.

Tuanze na joistiki, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu. Plagi hii inaingia kwenye gemupoti, tundu la zamani la kuchomekea joistiki. IBM waliileta mwaka 1981 pamoja na PC yao ya kwanza: kadi moja iliyosoma mihimili minne (mhimili ni mwelekeo mmoja wa fimbo, kama kushoto na kulia) na vitufe vinne, yaani joistiki mbili kwa pamoja. Nikifungua kifuniko, tazameni: volyumu mbili, za aina ileile iliyomo kwenye redio ya nyumbani. Moja inazunguka ukisukuma fimbo kushoto na kulia, nyingine ukisukuma mbele na nyuma. Ukinzani wake unatoka sifuri hadi kilo-ohm 100. Ndani hakuna chipu hata moja.

Sasa kompyuta ilijuaje fimbo iko wapi? Kadi ile haikuwa na kipimo cha volti. Kwa hiyo prosesa, ubongo wa kompyuta, ilitoa ishara, kapasita (kifaa kidogo cha kutunza umeme) ikaanza kujaa umeme kupitia volyumu, na prosesa ikabaki inauliza: tayari? tayari? Kama mpishi anayefunua sufuria kila mara kutazama kama wali umeiva. Volyumu ikiwa chini kabisa, jibu lilikuja baada ya maikrosekunde 24 hivi. Ikiwa juu kabisa, baada ya maikrosekunde 1,100 na ushee. Idadi ya maswali ndiyo ilikuwa mahali pa fimbo.

Mmeona tatizo? Prosesa yenye kasi zaidi inauliza mara nyingi zaidi ndani ya muda uleule. Ndiyo maana gemu za zamani zilikuomba upeleke fimbo pembeni juu, ubonyeze, kisha pembeni chini, ubonyeze tena. Zilikuwa zinajifunza kuhesabu kwenye mashine yako. Na muda wote huo prosesa haikufanya kazi nyingine. Mfumo wa kisasa wenye programu nyingi kwa wakati mmoja hauwezi kuvumilia hilo kwa raha. Poti hii ikahamia kwenye kadi za sauti kama Sound Blaster, kisha ikatoweka kwenye mbao za kompyuta. Windows Vista ya mwaka 2007 ikaacha kuitambua kabisa, na matoleo yaliyofuata hayajairudisha.

Hapa kuna mtego uliomla mteja wangu. Alinunua kiadapta kidogo, upande mmoja gemupoti, upande mwingine USB. Kilichomeka vizuri na hakikufanya kazi. Kile hakina kitu ndani ila nyaya. Kilitengenezwa kwa ajili ya joistiki chache, kama baadhi ya Microsoft SideWinder Precision Pro, ambazo zilikuwa na chipu ndani na zilijua lugha zote mbili, ya gemupoti na ya USB. Joistiki hii ya volyumu tupu haijui USB. Inahitaji adapta yenye chipu ya kutafsiri.

Na chipu hiyo mnaweza kuiunda wenyewe. Kibao cha Arduino, kile kidogo cha kujifunzia elektroniki, chenye chipu ya ATmega32U4 kinaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki ya USB. Andikeni: pini 1 ni volti 5, pini 4 ni grauni, pini 3 ni kushoto na kulia, pini 6 ni mbele na nyuma, pini 2 na 7 ni vitufe. Msisahau rezista ya kilo-ohm 100 kutoka kila mhimili kwenda grauni, maana volyumu hizi zimefungwa miguu miwili tu. Bila rezista hiyo kibao hakitapata volti inayopanda na kushuka. Na fimbo ikirukaruka kwenye skrini, safisheni kwanza volyumu, kama mnavyosafisha ya redio inayokwaruza.

Padi ya pili. Hii ni USB, na kompyuta inaiona vizuri kabisa. Andika joy.cpl, jina la dirisha la kupimia padi, kwenye Windows 11, bonyeza vitufe, taa zinawaka. Fungua gemu mpya: kimya. Wengi huitupa hapa, na inaniuma kila ninapoikuta jalalani.

Padi hii inajieleza kwa namba: kitufe cha 1, kitufe cha 2, mhimili wa 3. DirectInput, mfumo wa zamani wa Windows ambao gemu husomea padi, unaridhika na namba hizo, hadi vitufe 128. Lakini tangu Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, Microsoft walileta mfumo mpya, XInput, na XInput inajua umbo moja tu, la padi ya Xbox. Gemu inauliza A iko wapi, padi inajibu kwa namba, na hakuna wa kuwapatanisha. Mkalimani yupo: Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, ina Steam Input, unaonyesha kila kitufe mara moja na gemu inadhani imeona Xbox. Kwenye Linux, gemu nyingi husoma padi kupitia SDL, maktaba ya programu, na huko mstari mmoja wa maandishi unaosema namba ipi ni A unatosha.

Ile sidii ndogo iliyokuja na padi? Draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, mara nyingi ni ya biti 32, na Windows ya biti 64 haiipokei. Utakachokosa kwa kawaida ni mtetemo tu.

Hii ya tatu ina ugonjwa wa kinyume. Hii padi ya Xbox 360 ni ya lugha mpya ya XInput, mwenyewe anaipeleka kwenye gemu ya magari ya zamani. Kupitia DirectInput vifyatuo vyake viwili vinasomwa kama mhimili mmoja: ukikanyaga mafuta na breki pamoja, vinafutana, gemu inaona sifuri. Hamishia breki kwenye kitufe, basi.

Aliyekuja na padi yake aisogeze mbele. Tunafungua joy.cpl kwanza, kisha ndiyo tunashika bisibisi.