Meza ya kijani kwenye muvi isiyo na rangi

ZUHURA: Haya wapenzi wetu tumerudi, na Baraka tangu kaingia studio hajatulia.

BARAKA: Dada, juzi nimekaa na mjomba kuangalia Dr. Strangelove, ile muvi ya kuchekesha kuhusu vita ya nyuklia. Mjomba alikuwa jeshini miaka mingi, nikajua atacheka mpaka basi, mzee kakaza uso mwanzo mwisho halafu ananiambia huyo jenerali namjua, nimefanya kazi chini yake.

ZUHURA: Na Kubrick, mwongozaji wa muvi, alikuwa anapataka hapo hapo! Alianza na kitabu cha Peter George cha vita ya nyuklia, kitabu siriasi kabisa, sasa kila akiandika skripti yanakuja mambo ya kuchekesha anayafuta, mwisho akaona hayo anayoyafuta ndiyo yenye ukweli.

BARAKA: Kuna pale wanajeshi wa Marekani wanashambulia kambi yao wenyewe, kamera ya mkononi inatikisika kama taarifa ya habari kutoka vitani, na kuna bango limeandikwa amani ndiyo kazi yetu. Risasi zinapigwa, hakuna anayelisemea lile bango hata neno moja. Na hayo maneno hakuyatunga, ilikuwa kaulimbiu ya kweli ya kamandi yao ya ndege za mabomu.

ZUHURA: Sawa, kabla ya yale mambo tuliyoahidi, niseme kuhusu meza.

BARAKA: Jamani, meza tena.

ZUHURA: Niache nimalize! Ken Adam, msanifu wa mandhari ya muvi, alijenga kile chumba cha vita wanamokutana viongozi, meza ya duara kubwa ajabu, juu yake pete ya taa inawamulika viongozi wote, na Kubrick akataka meza ivikwe kitambaa cha kijani kama meza ya kamari. Na muvi ya 1964 ni nyeusi na nyeupe!

BARAKA: Sasa kijani cha nini na hakionekani?

ZUHURA: Waigizaji wanakiona. Ukiweka mikono pale mwili wenyewe unajua uko kwenye kamari na kinachochezewa ni dunia, basi utakaa tofauti, utamtazama mwenzako tofauti, na kamera inayachukua hayo.

BARAKA: Tulipoongelea sauti ukaishia kwenye meza, tulipoongelea editi, meza.

ZUHURA: Na tukiongelea mavazi nitaileta.

BARAKA: Ila hiyo meza yako inakupinga dada. Meza inamwambia muigizaji ukweli. George C. Scott, aliyeigiza jenerali, alidanganywa na Kubrick, kaambiwa igiza kwa kuzidisha, picha hizi ni za kupasha moto tu, halafu ndizo zikatiwa kwenye muvi. Alikasirika, na alikuwa na haki.

ZUHURA: Lakini tazama kilichotoka! Chingamu mdomoni, macho yamemtoka, anaanguka anabingirika ananyanyuka bado anaongea. Angeigiza kwa kiasi yule jenerali angekuwa mtu wa kawaida tu.

BARAKA: Wa kawaida ndiye anayetisha. Na Kubrick mwenyewe alikuwa na sini ya mwisho ya kurushiana keki za krimu mle mle chumbani, akaikata kwa kuwa imekuwa vichekesho mno. Kumbe mpaka aliujua.

ZUHURA: Keki ni chumba kizima kinapayuka. Scott ni mmoja, kazungukwa na watu wapole, rais anaongea taratibu kwenye simu. Kejeli inataka huo mgongano.

BARAKA: Basi amwombe! Scott alikuwa mkali, angempa bila kudanganywa.

ZUHURA: Asingempa. Muigizaji akijua inarekodiwa kweli anajilinda.

BARAKA: Dada, sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali kaka, tutakesha hapa.

BARAKA: Naonyeshwa dakika moja. Lenzi hatujagusa, muigizaji Peter Sellers na nafasi zake tatu hatujagusa.

ZUHURA: Hayo tuliyoahidi yaache, muda hautoshi. Wasikilizaji tuandikieni, Scott alitendewa haki au la?

BARAKA: Hakutendewa.

ZUHURA: Usiwajibie bwana!