Waacheni wachelewe kidogo kurudi nyumbani

Asante mwenyekiti. Hiyo maiki naomba uishushe, mi ni mfupi. Haya, wazazi wenzangu, wengine mmeshanisikia nikilisema hili la watoto wetu kukosa muda wa kucheza kwenye kikao cha kata, wengine msibani, maana hata msibani nalisema, wanangu wananiambia mama huna mada nyingine? Sina. Nitalisema mpaka siku mtoto wa darasa la pili ataacha kupanda basi la shule saa kumi na moja alfajiri kalala kwenye mapaja ya matroni.

Mi nimekulia Kwimba, Usukumani, mbele ya Ngudu huko, na darasa la kwanza nimeanza 1977, mwaka ule wa UPE, elimu ya msingi kwa wote, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu ya umri wangu kimya kimya. Na nianze na wale wanaosemaga "mwalimu unatamani umaskini". Baba, umaskini nautamani wa nini? Nimefua nguo kwa majani ya mpapai mimi, miaka ile ya themanini mwanzoni sabuni ikiwa ya kugawiwa dukani kwa foleni. Na hao babu zetu mnaowasifia walikuwa na miji yao mikubwa, boma la ukoo mzima, imezungushiwa minyaa, 1974 wakaambiwa na operesheni ya vijiji wahame waje wajipange mstari kijijini, wengine walihamishwa kwa lori nyumba zikabaki hazina paa. Kwa hiyo mi siwaimbii kwamba zamani ilikuwa pepo. Nachosema ni hiki: katika shida zote zile mtoto alikuwa na saa kadhaa kwa siku ambazo hakuna mtu mzima aliyezipangia kazi ya kichwa. Ng'ombe uwe umewaangalia, maji uwe umeleta, baada ya hapo kichwa ni chako. Leo tumempa mtoto viatu, tumempa maziwa ya pakiti, na zile saa tumezichukua zote.

Sasa ngoja niwaambie gari la waya. Najua, najua, mwenyekiti ananiangalia, hii anaijua kwa moyo. Lakini kuna wageni.

Vijana sa hivi mnarushiana picha za gari la waya wasap mnasema eti "tumetoka mbali". Hamjui mnachokiangalia. Gari la waya halikuwa kitu cha kuokota ukacheza. Kwanza waya unatoka wapi? Tairi la lori la pamba likichoka linatupwa nyuma ya godauni la kijiji, mnaliviringisha mpaka porini mbali na macho ya katibu, mnalichoma, moshi mweusi unapanda mnakimbia mnaogopa, kesho asubuhi mnarudi kwenye majivu mnakuta waya zimejikunja pale. Ila waya uliopita kwenye moto ni mlegevu, ukiukunja mara mbili tatu unakatika, kwa hiyo huo unafaa bodi ya nyuma tu. Chesisi inataka seng'enge. Na wa kufungia viungo uwe mwembamba, huo ni waya wa breki ya baiskeli, unaufumua nyuzi moja moja. Nani katuambia? Hakuna! Ulijua kwa sababu gari lako la kwanza lilikatika chesisi katikati ya watu wakakucheka.

Tairi ni malapa. Sasa mwanaume wa Kisukuma wa wakati ule malapa hatupi, yakikatika anapiga msumari, yakikatika tena anafunga waya, kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tunajua kijiji kizima malapa ya nani yako mahututi, tunamsalimia yule mzee kwa heshima zote, shikamoo guku, yaani babu, macho yako miguuni. Ukiyapata unachora duara kwa kizibo cha chupa ya chai, unakata kwa wembe polepole maana ukiteleza tairi linakuwa yai, tundu la katikati unatoboa kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa motoni, ile harufu ya mpira kuungua mi nikiisikia mpaka leo naangalia kama kuna mtu anatengeneza gari.

Halafu sasa ekseli ya mbele. Hapo ndo palikuwa shule. Ekseli ya nyuma unaikaza, ya mbele huikazi, unaiacha icheze kwenye kitanzi, katikati unaunga waya mrefu unapanda mpaka kifuani kwako unaishia na duara, huo ndo usukani. Sasa unasukuma, unakata kona, gurudumu la kushoto linanyanyuka. Kwa nini? Unakaa chini ya mkwaju unafikiria. Ng'ombe wanakula. Unafungua, unarefusha ekseli, unajaribu, sasa inagusa bodi. Unafungua tena. Wiki nzima mtoto wa miaka tisa anahangaika na kitu kimoja na hakuna mtu anayemwambia bado dakika kumi. Likikaa sawa unaliwekea taa za vizibo vya soda, unaandika namba, na ilikuwa lazima ianze na SU maana hayo ndo magari ya mashirika ya umma, wakubwa wote tuliokuwa tunawajua walishuka kwenye SU, unapakia pamba, pamba ya kweli iliyodondoka njiani wakati wa kupeleka kwenye mzani, unaondoka na mlio mdomoni mpaka magengeni.

Nikisema hivi kuna mzazi anainua mkono, leo hajainua lakini yupo: "Mwalimu, mwanangu nampeleka kozi ya roboti kila Jumamosi, tena nalipa." Vizuri mama, sikatai. Swali langu ni moja tu, nani alichagua atengeneze nini? Na roboti lisipotembea anakaa nalo wiki au mwalimu anamshikia mkono ili wewe ukija saa sita ukute linatembea upige video? Basi. Nimemaliza.

Mwingine atasema hayo ya wanaume, mabinti mlikuwa jikoni. Kweli nusu. Mimi nimechunga kwa sababu kaka zangu walikuwa bweni na baba hakuwa na mtu mwingine, tukapata vita ya Kagera tuko machungani, mchezo ukawa vita, kila mtu anataka kuwa jeshi la Tanzania na Idi Amin hapatikani, mwisho tukampa jina hilo dume moja jeusi lenye hasira. Lile dume liliitwa Amin mpaka linauzwa mnadani.

Lakini hata wasiochunga, niwaambie kisimani. Mto wetu ni wa mchanga, maji unayaona masika yakipita kwa kelele, kiangazi ni mchanga mweupe tu. Unachimba. Unafika kwenye unyevu, unazidi, shimo linafika kiunoni, maji yanaanza kuja kidogo kidogo ya tope, unayachota unayamwaga, yanakuja tena yana nafuu, unamwaga, mpaka yaje meupe. Ukishateka kata mbili tatu yameisha, unasubiri yajae. Sasa pale pana ndoo kumi na tano kwenye mstari na kisima kimoja kinatoa kata mbili. Utafanya nini? Unacheza. Rede tumecheza pale, mdako tumecheza pale, kusukana nywele, kusimuliana habari za Ng'wanamalundi, yule mtu wa miujiza wa Kisukuma, anayekausha mti kwa kunyosha kidole, na umbea wote wa ndoa za kijiji mi nimejifunzia pale, mama zetu wanajua kabisa maji hayachukui muda wote ule ila wananyamaza. Mi nafikiri walinyamaza makusudi. Na wao walipitia kisima kile kile.

Ila ndoo ya lita ishirini kichwani kwa mtoto, shingo ile, sitaki mtu aniambie ni utamaduni. Bomba lije. Bomba likija, ile saa ya kusubiri maji tumempa mtoto afanyie nini? Tumempa tyusheni. Hapo ndo ugomvi wangu ulipo.

Na lile lingine la afya, mtasema mlikuwa mnaogelea kwenye malambo machafu. Ndio, na kichocho tulikuwa nacho, wavulana kukojoa damu waliona ni ukubwa umeanza, mnacheka lakini ni kweli, watu wa Kanda ya Ziwa mnajua. Na watoto walikufa. Surua ilipita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, utafiti wa afya wa 2004-05, katika watoto 1000 waliozaliwa hai 112 hawakufika miaka mitano, na utafiti wa 2022 wameshuka wako 43. Hiyo ni kazi kubwa, ni chanjo, ni vyandarua, ni manesi, asiyeshukuru ana matatizo. Lakini nionyesheni chanjo gani ilihitaji mtoto aache kupanda mti. Mnafunga vitu viwili ambavyo havikai pamoja, mkiambiwa mtoto acheze mnajibu zamani watoto walikufa. Walikufa kwa mchezo?

Haya, kwa nini imebadilika. Watu wanasema simu, simu, simu. Simu imekuja juzi bana! Angalieni ardhi. Sensa ya 1978 tulikuwa milioni 17 na nusu nchi nzima, ya 2022 tuko karibu milioni 62, na dunia ni ile ile. Pale nilipochungia mimi ni mashamba, limelimwa mpaka kwenye kingo za mto. Sisi tulikuwa na ngitili, mzee anatenga eneo lake la majani, masika mifugo haingii, linafunguliwa kiangazi wakati kote kumekauka. Mtoto anajua mpaka wa kila ngitili na mwenyewe nani. Kulikuwa na miaka zilikuwa zimekwisha kabisa, hiyo Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa, mpaka mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulivyokuja 1986 watu wakaanza kuzirudisha, na kinachonifurahisha mimi hawakuleta kitu kigeni sana, walimuuliza mzee babu yako alifanyaje. Sasa kama ng'ombe walirudishiwa eneo lao kwa mpango, na vikao, na faini, mtoto anashindikana nini? Mtaa mzima una vyumba vya fremu mia, hauna mahali watoto wanaweza kuweka magoli ya matofali. Wanacheza chandimu barabarani bodaboda zinapita katikati yao, halafu tunasema watoto wa sa hivi hawasikii.

La usalama nalijua. Ni zito na silichezei, mambo yanayofanyiwa watoto siku hizi nikiyasoma silali. Lakini tuambizane ukweli, sisi tulilindwa na nini? Geti hatukuwa nalo. Tulilindwa na kwamba kila mama niliyepita mlangoni kwake alikuwa na haki ya kuniuliza natoka wapi, na kunichapa, na kunipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nile, na jioni kumwambia mama nimemuona mwanao kule bondeni na watoto wa nani. Nilikuwa mbali na nyumbani kilomita kadhaa na bado nipo nyumbani kwa mtu. Leo ukimuuliza mtoto wa jirani "unaenda wapi wewe" mamake anakutumia voisi ya dakika nne. Na mimi nakuuliza, huyo jirani yako wa ukuta wa kushoto, mwanae wa pili anaitwa nani? Msinijibu. Angalieni chini tu hivyo hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine hapa, la ngoma za mavuno, yale makundi mawili yanayoshindana, Bagalu na Bagika, jinsi watoto tulivyotoroka usiku kwenda kuangalia, hilo naliacha japo ni tamu. La bweni, haraka: serikali mwaka 2023 ilitoa waraka kukataza bweni kwa awali mpaka darasa la nne, na bado nakutana na mzazi ananiuliza kwa sauti ya chini, mwalimu hujui shule inayochukua wa miaka mitano? Najua. Sikwambii. Na wale wa vijijini msikae mkidhani mko salama na hii habari, huko ndo kuna makambi, mtoto wa darasa la nne analala shuleni na godoro lake kwa sababu ya mtihani, kwenye kijiji ambacho kina mkwaju, kina mto, kina kila kitu nilichokisema hapa, na yeye yuko darasani saa mbili usiku na tochi.

Kwa hiyo tunaloomba, na kamati tumeshaliandika, ni mambo madogo. Ule uwanja nyuma ya ofisi ya mtaa usigawiwe kwa mtu wa kufyatua matofali. Jumapili mchana barabara ya katikati ifungwe kwa muda wa masaa matatu, magogo mawili tu, wazazi wawili wa zamu wanakaa kwenye kiti, hawafundishi, hawapangi timu, hawapulizi filimbi, mtoto akianguka wanamwangalia kwanza kama atanyanyuka. Zamu ya kwanza nimejiandika mimi na mama wa pale kwenye mashine ya kusaga. Karatasi iko hapa mezani, kalamu iko hapa, na nimeacha nafasi za akina baba juu kabisa ili msiseme hamkuziona.

Swali la yule mama wa nyuma la simu nitamjibu nje, ni refu na wali umeshapakuliwa.